Wadudu wa Wifi Klorini

Wifi yangu alikuwa na kijiko chake. Akija kula kwangu alikitoa mkobani kimefungwa kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi, akaikunjua leso polepole mbele ya watu wote, akakiweka kijiko kando ya sahani. Sahani yangu aliikubali, lakini baada ya kuifuta mara mbili. Nimeolewa na mdogo wake miaka ishirini na miwili sasa, na kwa miaka yote hiyo kijiko changu hakikuwahi kuingia mdomoni mwake. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Mzoee tu, dada ndivyo alivyo." Nilimzoea kama mtu anavyozoea kokoto kwenye kiatu.

Nisimwonee. Alikuwa dobi wa hospitali kubwa, mwaka wa kumi na tisa kazini. Alipokea mafurushi ya mashuka kutoka wodini, yenye damu, matapishi na mengine ambayo siyataji kwa kuwa huenda wewe unayesoma umeshika sahani. Aliyatikisa moja moja, akayaloweka, akayaingiza kwenye mashine yenye mlango wa duara. Wenzake ndio waliomwita Klorini, maana maelekezo yakisema kikombe kimoja yeye aliweka viwili. Jina likamfuata hadi nyumbani, na sisi tukalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mjane, wanawe wawili wameoa na kuhamia mbali, naye anaishi peke yake katika vyumba viwili visivyojua vumbi. "Wadudu, wifi," alikuwa akiniambia huku macho yake yakiwa kwenye kucha zangu. "Wewe huwaoni, lakini wao wanakuona."

Kucha zangu zina udongo, sikatai. Nauza miche ya mboga na maua kando ya nyumba yetu. Nachanganya udongo na samadi kwa mikono, najaza vifuko, napanda mbegu, namwagilia. Nimejaribu glavu, zikanishinda, kwa sababu mbegu ndogo huwezi kuisikia ukiwa umevaa glavu. Kwa hiyo mtu wa klorini na mtu wa samadi tulikaa ukoo mmoja, tukiitana wifi kwa sauti tamu na kung'atana kwa macho.

Ugomvi mkubwa tuliwahi kuwa nao mmoja. Alikuja kunisaidia kufua wakati nimevunjika mkono, na alipomaliza akamwaga maji yake ya klorini, ndoo tatu nzima, kwenye kitalu changu cha mchicha. Alidhani ni uwanja mtupu. Ndani ya siku mbili kila kilichokuwa kimechomoza kilikufa. Baada ya wiki tatu kitalu kikawa kijani tena, nikafurahi, nikainama kuangalia. Ilikuwa ndago. Ndago tupu, ukuta hadi ukuta, lile gugu lenye vinundu vyake chini ya ardhi ambalo ukiling'oa linacheka. Mchicha ulipokuwepo ndago haikupata hata pa kuweka mguu. Nilinuna mwezi mzima. Nakumbuka nilimwambia, "Umeua wenye nyumba, umeacha mwizi." Naye akajibu, "Angalau sasa pamekuwa safi."

Yaliyomkuta mwaka jana niliyajua kwa kuchelewa, lakini nitayaeleza yalivyofuatana.

Asubuhi moja alikuwa anatikisa mashuka. Kuna mtu huko wodini, mwenye haraka zake, alisahau sindano ndani ya shuka. Ikapita kwenye glavu, ikaingia kwenye nyama ya kiganja, chini ya kidole gumba. Pale ukutani, juu ya karai lao, kulikuwa na karatasi inayoeleza la kufanya: osha kwa maji na sabuni, mwambie msimamizi papo hapo, upewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kabla siku tatu hazijapita. Wifi yangu ndiye aliyeibandika karatasi ile. Ndiye pia aliyewagombeza wenzake kila siku wavae glavu nene, na siku hiyo, kwa sababu nene zilikuwa bado mbichi, yeye mwenyewe alikuwa amevaa nyembamba. Aliona aibu. Nasema aibu, lakini nadhani ilikuwa ni hofu iliyovaa nguo za aibu. Akanyamaza, akamwagia kidonda klorini isiyochanganywa na maji, akaendelea kutikisa mashuka.

Jioni akapitia duka la dawa akanunua vile vidonge vya rangi mbili ambavyo watu humeza kwa kila kitu, kuanzia jino hadi mafua. Alimeza wiki nzima. Kisha akanunua vingine vikali zaidi, kisha vingine, duka hili leo na lile kesho ili asiulizwe maswali. Wiki sita. Hakuna kidonge kati ya hivyo kinachoweza kumgusa mdudu aliyekuwa anamwogopa, lakini hakumwuliza mtu. Alikuwa anafanya kile alichokuwa akikifanya kwa mashuka.

Wiki ya tano tumbo likaanza kuendesha. Mwanzoni mara nne kwa siku, kisha kumi, kisha akawa hatoki mbali na mlango wa choo. Alianguka kazini wakamlaza wodini, juu ya mashuka aliyoyafua mwenyewe. Daktari wa matumbo, mwanamke kijana mwenye miwani na maneno machache, alimpa dawa ya maji ya kunywa, akapona. Baada ya siku kumi na tano ugonjwa ukarudi. Akapewa tena, akapona tena, ukarudi. Sisi nyumbani tulijua ni tumbo tu. Mume wangu alimpelekea matunda, na yeye aliyaosha kwa sabuni.

Mara ya tatu alikwenda kliniki peke yake. Foleni ilikuwa ndefu, daktari amechoka, akasoma majibu akasema: "Mama, mdudu bado yumo. Safari hii dawa peke yake sidhani kama itamtoa. Kesho njoo na ndugu yako tuzungumze."

Sasa hapa inabidi ujue kitu ambacho kila anayesema lugha yetu anakijua bila kufundishwa. Wadudu wakiwa wengi ni jambo la kawaida; wako kwenye maji, kwenye unga, kwenye meno ya mtoto. Lakini mdudu akiwa mmoja, na anayemtaja akashusha sauti, watu wanajua ni ukimwi. Na ukiambiwa uje na ndugu, basi mwenye kuambiwa anaanza kuaga. Wifi yangu alisimama, akasema asante daktari, akaenda nyumbani akafunga mlango.

Mume wangu ni fundi bomba na wakati huo alikuwa kwenye jengo fulani, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Akanipigia simu. "Dada hapokei simu siku ya tatu leo. Hebu nenda ukamwone." Nikaenda huku nikilalamika, kwa sababu nilikuwa na miche mia mbili ya kuhamisha. Nilipofika mlangoni kwake malalamiko yakaniisha. Harufu ya klorini ilikuwa inatoka chini ya mlango, kali hadi macho yakatoka machozi, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine.

"Wifi, nifungulie."

"Rudi kwako."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, kavu. Nikasukuma mlango wa nyuma kwa bega, na kitasa, ambacho mume wangu alikuwa ameahidi kukitengeneza tangu mwaka juzi, kikaachia.

Alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona, kati ya ndoo mbili. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, na mikono ambayo ilikuwa inakamua blanketi la hospitali peke yake sasa ilikuwa ngozi na mifupa. Juu ya meza palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na kile kijiko chake, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, si kwenye uzazi, si siku niliyovunjika mkono. Nilijua namwangalia mtu anayekwisha.

"Usiguse kitu," akasema. "Vya uzi mwekundu ni vyangu. Nikifa mvichome."

"Ufe kwa nini? Si tumbo?"

"Nina mdudu, wifi."

Nikakaa chini. Ndipo akanieleza habari ya sindano, ya glavu nyembamba, ya vidonge. Alieleza akiangalia ukuta. Alipofika kwenye wiki sita za vidonge nikashindwa kujizuia.

"Miaka ishirini na miwili unanifutia sahani!" nikamfokea. "Ishirini na miwili! Halafu unachomwa sindano ya mtu usiyemjua, unakaa kimya miezi mitano? Kwani hata kama unaye huyo mdudu, watu si wanameza dawa zao wanazeeka? Jirani yangu ana miaka kumi na saba nazo, juzi kaniuzia mbuzi! Inuka twende hospitali!"

"Pale wote wananijua."

"Basi watakusalimia!"

Akaanza kulia, lakini machozi hayakutoka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mwili ulikuwa hauna maji ya kulilia. Nikatoka mbio barabarani nikasimamisha teksi, nikamwambia dereva asiniulize, nikamfunga wifi shuka mbili kiunoni, nikambeba. Alikuwa mwepesi kama debe tupu. Njiani alinishika kiganja, mkono wangu ukiwa na udongo wa asubuhi, na hakuuachia hadi tulipofika.

Walimtundikia dripu mbili kwa mpigo. Daktari akaja akapima shinikizo la damu, akaminya tumbo, akakunja uso. Nikamwambia kila kitu, pale pale mbele ya mgonjwa, maana wakati wa adabu ulikuwa umepita. Daktari akavua miwani.

"Mungu wangu. Nilisema mdudu?"

"Ulisema," akajibu wifi kwa sauti ya chini.

"Mama, huo ugonjwa huna. Tulikupima ulipolazwa mara ya kwanza na tukakupima tena mwezi uliopita. Nilikwambia damu yako iko safi."

"Nilidhani unanifariji."

Nikapiga makofi, nikasema alhamdulillah na haleluya kwa pamoja, ili nisikosee. Lakini daktari hakucheka. Akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue hajamaliza.

"Huyu uliye naye ni bakteria, mdudu wa tumboni," akasema. "Na yeye pia anaua. Utumbo wako mkubwa umevimba. Ukiendelea kuvimba, itabidi tuukate, na sina hakika kama kwa hali hii utaamka baada ya kukatwa."

Wifi akafumba macho. Mimi nikauliza huyo mdudu ameingiaje kwa mtu anayeosha ndizi kwa sabuni.

Daktari akatueleza. Kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu mzima wanaishi bakteria wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa duniani. Kwamba si wageni wala si wachafu. Yale makapi ya mboga na nafaka ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga, wao wanayachachua, na kwa kufanya hivyo wanaulisha ukuta wenyewe wa utumbo. Wanatengeneza vitamini fulani. Wanaufundisha mwili nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha. Na zaidi ya yote, wamejaa. Wamejaa hivi kwamba mwenye nia mbaya akipita hapati mahali pa kukaa. "Vidonge vya wiki sita vimewafagia hao wote," akasema. "Amebaki mmoja ambaye anajua kujifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Dawa ikija analala. Dawa ikiisha anaamka, anakuta nyumba haina mtu."

"Ndago," nikasema.

"Nini, mama?"

Nikamweleza habari ya kitalu, ndoo tatu za klorini, vinundu chini ya ardhi. Nikiwa naeleza nikamwona wifi amefumbua macho ananiangalia. Alikumbuka.

"Ndiyo hasa," akasema daktari. "Na ulifanyaje ukaishinda?"

"Klorini haikusaidia, wala moto. Nilichimbua, nikaleta udongo hai kutoka kitalu kingine, wenye samadi na minyoo yake, nikapanda mboga kwa kubana. Ndago ikakosa nafasi."

Daktari akavaa tena miwani. "Basi ndicho ninachotaka kufanya. Nahitaji choo cha mtu mzima mwenye afya."

"Chetu kiko nyuma ya nyumba," nikamjibu, "ila tunatumia na wapangaji."

Muuguzi aliyekuwa anarekebisha dripu akageuka ukutani, mabega yakitikisika. Daktari akasema taratibu kwamba hasemi chumba, anasema haja kubwa. Ya mtu. Ipimwe, ichanganywe na maji ya chumvi, ichujwe, iingizwe kwa mpira kwenye utumbo wa mgonjwa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwangalia wifi, na kwa uso ule nikajua amesikia kama mimi.

Kisha daktari akauliza ni nani kati ya ndugu ambaye hajameza vidonge vya kuua bakteria karibuni. Mume wangu alikuwa ametoka kung'oa jino, amevimeza juzi tu. Wanawe wako mbali. Na mimi? Nikafikiri, nikahesabu. Mara ya mwisho ilikuwa nilipojifungua kitinda mimba wangu, naye sasa ana ndevu.

"Huyu?" akasema wifi. Alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, lakini kwa hilo alipata. "Daktari, huyu anashika samadi kwa mikono!"

"Ndiyo maana namtaka," akasema daktari.

Walinipima kila kitu. Damu, choo, mkojo, wakaniuliza maswali ambayo mama yangu mzazi hakuwahi kuniuliza. Majibu yalichukua siku nne, na katika siku zile sikulala usingizi wa maana. Niliogopa watakuta kitu kwangu. Niliogopa zaidi hawatakuta kitu, halafu wamwekee vyangu, halafu afe. Nani angenielewa? Ukoo wote unajua habari ya kijiko. Wangesema wifi yake alimmaliza, tena kwa nini, kwa mavi yake. Mume wangu alirudi, akakaa kitandani akaniambia, "Ukikataa sitakulaumu," na alivyosema nikajua angenilaumu hadi kaburini. Wakati huo dada yake alikuwa anaendesha mara kumi na tano kwa siku, na joto limeanza kupanda.

Majibu yakaja safi. Asubuhi ya siku yenyewe nilipita kumwona kwanza. Alikuwa ameshasaini karatasi kwa mwandiko wa kutetemeka.

"Naogopa, wifi," akasema.

"Hata mimi."

"Wakiniwekea vyako, nitakuwa mimi bado?"

Nikamwambia pengine ataanza kuniheshimu, na hapo akakunja mdomo kwa namna ambayo zamani ilikuwa kicheko.

Muuguzi akanipa kopo lenye kifuniko na ufunguo wa choo cha wafanyakazi, akaniambia daktari anasubiri, chumba kimetengwa hadi saa nne, baada ya hapo kina mgonjwa mwingine. Ilikuwa saa mbili. Nikaingia, nikakaa.

Hakuna kilichotoka.

Miaka hamsini na moja tumbo langu linakwenda kila asubuhi, mvua au jua, halijawahi kuniangusha. Siku ile likagoma. Saa mbili na nusu nikatoka nikazunguka korido. Nikanywa uji wa moto vikombe viwili. Saa tatu nikarudi, nikakaa, nikaomba Mungu, na kuomba Mungu kwa jambo lile pia ni aibu. Hakuna. Muuguzi akagonga: "Mama, bado?" Nikasema bado. Baada ya robo saa: "Bado?" Kila akigonga tumbo linajifunga zaidi. Akilini nilimwona wifi amelala kule ubavu, akiningoja mimi, na mimi nimeketi na kopo tupu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nikalia. Sioni haya kusema kwamba nililia pale chooni kwa sauti.

Saa tatu na dakika arobaini muuguzi akagonga tena, safari hii akisitasita. "Mama, mgonjwa ametuma salamu."

"Anasemaje?"

"Anasema... samahani, mama, ni maneno yake. Anasema miaka ishirini na miwili umejaza uchafu kila mahali bila kuombwa, leo umeombwa ndiyo unajidai msafi."

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na katikati ya kicheko tumbo likafunguka.

Kopo lilitoka pale kwa mbio. Mimi nilibaki nimeketi, miguu imekufa ganzi, nikisikiliza viatu vya muuguzi vikipotea koridoni.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Yaliyobaki yalikuwa kungoja, na kungoja ndiko kulikonichosha. Siku ya kwanza aliendesha mara tisa. Daktari akasema ni mapema. Siku ya pili tumbo lilinguruma mchana kutwa, wifi akasema linawaka, joto likapanda tena, na nikamwona daktari anazungumza na mwenzake wa upasuaji mlangoni kwa sauti ya chini. Nilikwenda nyumbani nikaingia kitaluni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikachukua udongo kiganjani nikauangalia. Niliuambia, jamani, fanyeni kazi. Mtu angenisikia angedhani nimechanganyikiwa, na labda nilikuwa nimechanganyikiwa.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, simu ikaita. Ilikuwa namba ya wodi.

"Mama, unaweza kuja? Mgonjwa wako anakuhitaji."

"Yuko hai?"

Simu ikakatika. Salio la hospitali liliisha, au mtandao, hadi leo sijui. Nilikwenda na mikono ilivyo, na ndala moja ya kwangu na moja ya mume wangu, na kwenye teksi nilikuwa najizoeza namna ya kumwambia mdogo wake. Kwenye ngazi za hospitali nilikuwa nimeshaanza kulia.

Alikuwa ameketi. Ameegemea mto, nywele zimechanwa, dripu imebaki moja. Alinipungia mkono nisogee, nikasogea, akanivuta sikio hadi mdomoni kwake kama mtoto mwenye siri.

"Jana usiku kucha sikwenda," akanong'ona. "Leo asubuhi nimekwenda mara moja. Moja tu, wifi. Na kilikuwa kigumu."

Sijui kama kuna mtu amewahi kupewa habari nzuri kuliko ile. Nilikaa kitandani kwake na nguo zangu za kitaluni, kitu ambacho kwa kawaida kingemtoa roho. Nilimwachia madoa mawili ya udongo kwenye shuka, na yeye akayaangalia, akayafunika kwa mkono.

Aliporudi kazini, kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama mbele ya wenzake wote na msimamizi, akaeleza sindano, glavu nyembamba, na ukimya wake. Nasikia alieleza hadi mwisho. Siku hizi klorini anapima kikombe kimoja kama maelekezo yanavyosema. Daktari ametuonya kwamba mdudu yule anaweza kurudi, na akirudi tusikae nyumbani. Kwa hiyo hofu haijaisha. Simu yake ikichelewa kupokelewa moyo wangu unaruka, na namuuliza maswali ya choo mbele za watu bila aibu, naye ananijibu.

Jumapili ya kwanza alipokuja kula, nilipika wali na mchicha, mchicha wa kitalu kile kile. Akanawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, kama zamani. Akakaa. Nikapakua, nikamwekea sahani mbele yake bila kijiko, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Akafungua mkoba, akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, nami nikatazama pembeni. Miaka ni miaka, nilijiambia, mtu habadiliki kwa kopo moja.

Leso ilikuwa tupu. Akajifuta jasho usoni, akairudisha mkobani, akanitazama.

"Kwani wewe, wifi," akasema, "nyumba hii watu wanakula kwa nini? Lete kijiko."

Nikaenda jikoni kukitafuta. Nilikaa huko muda kidogo, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.